Wastani wa Kilo 17: Samaki Hawa ni wa Nani?

Leo tutafanya hesabu. Usiogope, na gazeti usilikunje. Tafuta daftari, kalamu, na mahali penye mwanga.

Hesabu ya leo inaitwa takwimu. Wanakisomo wengi huniambia kuwa maswali haya ndiyo yanayowashinda wakienda nayo nyumbani. Kujumlisha wanajua. Kugawanya wanajua. Lakini wakipata jibu, hawajui jibu lenyewe linasema nini. Mtu ameandika 17, mwalimu ameweka alama ya vema, basi. Kumi na saba ya nini? Hapo kimya.

Nitaanza na mkutano mmoja nilioushuhudia. Baada ya hapo tutashika kalamu.

MKUTANO CHINI YA MWEMBE

Mwaka jana nilihudhuria mkutano wa kikundi cha wavuvi, katika kijiji kimoja kusini ya mji wa Tanga, njia ya kwenda Pangani. Kijiji sitakitaja, kwa sababu mambo yao wameyamaliza wenyewe. Namba zao nimezifanya ziwe nyepesi kidogo ili tuzihesabu vizuri.

Jambo la siku hiyo lilikuwa moja. Banda la mnada wa samaki lilikuwa limetoboka paa. Mvua ikinyesha, samaki wanalowa na wanunuzi wanakimbia. Mabati yalihitajika. Fundi alikuwa ametaja bei, na wao waliigeuza bei ile kuwa samaki: thamani ya kilo 150. Wakakubaliana kuchanga kila Jumamosi, kilo 15 kwa kikundi kizima, kwa Jumamosi 10. Mpaka hapo hapakuwa na ubishi.

Ubishi ulikuja kwenye swali hili: kila chombo kitoe ngapi?

Mtunza hazina, kijana mwenye bidii, alisimama na karatasi yake. Alisema, "Ndugu wazee na ndugu zangu. Vyombo vyetu ni 9. Jumamosi iliyopita nilipima samaki wa kila chombo. Wastani ni kilo 17 kwa kila chombo. Sasa, kila chombo kikitoa kilo 2 tu, tunapata kilo 18, na ziada inabaki. Kilo 2 katika kilo 17, nani zitamuumiza?"

Watu waliitikia kwa vichwa. Mwenyekiti alikuwa karibu kuuliza wanaokubali wanyooshe mikono. Ndipo mzee mmoja anayevua kwa mshipi akasema pale pale alipokaa:

"Wanangu, hizo kilo 17 nilizivua lini mimi? Jumamosi nilirudi na kilo 5."

Jirani yake akasema, "Mimi 6." Mwingine, "Na mimi 6." Basi, kelele zikaanza. Mmoja akasema karatasi ni ya uongo. Mwingine akasema huenda kuna samaki wameliwa njiani. Kijana wa watu jasho likamtoka.

Lakini karatasi haikuwa ya uongo. Hesabu ya kijana ilikuwa sahihi kabisa. Na wazee nao walisema kweli. Pande zote mbili zina kweli, na kikundi karibu kivunjike! Kasoro ilikuwa wapi? Tuitafute pamoja.

TAKWIMU NI NINI?

Takwimu ni kukusanya namba, kuzipanga, na kuzisoma ili tujue hali ilivyo.

Wewe mwenyewe umekwisha kuwa ndani ya takwimu. Mwaka 2022 serikali ilifanya sensa ya watu na makazi. Karani alipita nyumbani, akauliza majina na umri, akahesabu watu. Kwa kazi hiyo tulijua kuwa mkoa wa Tanga ulikuwa na watu 2,615,597. Sensa ya kabla yake, ya mwaka 2012, ilikuta watu 2,045,205. Toa namba ndogo kwenye kubwa, utapata 570,392. Hao ndio watu walioongezeka mkoani kwa miaka 10. Wanahitaji maji, madarasa, dawa na mahali pa kulima. Bila takwimu, anayepanga mipango anapanga kwa kubahatisha.

Sensa hiyo ya 2022 ilisema pia kuwa, kwa wastani, kaya moja ya Tanzania ina watu 4.3. Yaani watu 4, na sehemu 3 za mtu aliyegawanywa mara 10! Je, umewahi kuona nyumba yenye watu 4 na kipande? Haipo. Kuna nyumba yenye watu 2, kuna yenye 4, kuna yenye 9. Basi hiyo 4.3 si mtu, wala si nyumba ya mtu. Ni namba iliyotengenezwa kutokana na nyumba zote. Likumbuke neno hilo, maana ndilo litakalotufungulia mlango.

HATUA YA KWANZA: ANDIKA NAMBA ZOTE, KISHA ZIPANGE

Mwanafunzi akiona swali la takwimu hukimbilia kujumlisha. Ngoja. Kwanza andika namba zote. Hizi ndizo kilo za vyombo 9, kama kijana alivyoziandika, kwa jinsi vyombo vilivyofika pwani:

6, 9, 7, 6, 8, 5, 6, 10, 96

Zihesabu. Je, ziko 9? Ziko 9. Vizuri. Kama ungepata 8, ungejua umeruka moja.

Sasa zipange upya, kuanzia ndogo mpaka kubwa. Kila namba unayoihamisha, ikate kwa mstari mdogo usije ukaiandika mara mbili:

5, 6, 6, 6, 7, 8, 9, 10, 96

Tazama mstari huo kabla hujafanya hesabu yoyote. Unaona nini? Vyombo 8 viko pamoja, kati ya kilo 5 na kilo 10. Chombo kimoja kiko mbali peke yake, kilo 96. Hicho ni mashua ya mashine yenye wavu mkubwa. Vile vingine ni mitumbwi na ngalawa, vinavyovua kwa mshipi, dema na jarife.

Kwa kupanga tu, tumekwisha kuona jambo ambalo mkutano mzima haukuliona. Karatasi ya kijana ilikuwa na namba hizi zote. Lakini alipowasomea watu, alisoma moja tu.

HATUA YA PILI: TAFUTA NAMBA TATU

1. Wastani

Jumlisha zote, kisha gawanya kwa idadi ya vyombo.

5 + 6 + 6 + 6 + 7 + 8 + 9 + 10 + 96 = 153

153 ÷ 9 = 17

Wastani ni kilo 17. Maana yake ni hii: kama samaki wote wangemwagwa kwenye jamvi moja, wakagawiwa sawasawa kwa vyombo 9, kila chombo kingepata kilo 17. Lakini samaki hawakumwagwa kwenye jamvi moja. Kila mtu alikwenda na wake. Wala hakuna chombo hata kimoja kilichorudi na kilo 17.

2. Namba ya katikati

Rudi kwenye mstari uliopangwa. Weka kidole kimoja mwanzo na kimoja mwisho. Sogeza vyote viwili hatua moja moja mpaka vikutane.

5, 6, 6, 6, (7), 8, 9, 10, 96

Vimekutana kwenye 7. Nyuma yake vyombo 4, mbele yake vyombo 4. Kwa hiyo mvuvi wa katikati alipata kilo 7. Ukiuliza, "Mvuvi wa kawaida hapa alirudi na nini?" jibu ni 7, wala si 17.

Je, vyombo vikiwa 10? Tuseme chombo cha kumi kilileta kilo 12. Mstari unakuwa: 5, 6, 6, 6, 7, 8, 9, 10, 12, 96. Vidole havikutani kwenye namba moja. Vinasimama kwenye 7 na 8. Hapo jumlisha hizo mbili, ugawanye kwa 2. 7 + 8 = 15. 15 ÷ 2 = 7.5. Namba ya katikati ni kilo saba na nusu.

3. Namba inayorudiarudia

Ipi imeandikwa mara nyingi kuliko nyingine? Ni 6. Imetokea mara 3. Ukisimama pwani siku ile ukauliza kila chombo, jibu ambalo ungelisikia mara nyingi zaidi ni "Kilo 6."

Na kuna jambo moja la kuongeza: umbali. Toa ndogo kabisa kwenye kubwa kabisa. 96 − 5 = 91. Umbali ukiwa mkubwa namna hii, ni kengele inayokuambia: wastani peke yake usiuamini haraka.

ASILIMIA: KIPIMO CHA MAUMIVU

Kijana aliuliza, "Kilo 2, nani zitamuumiza?" Swali hili linajibika kwa asilimia. Asilimia ni sehemu katika mia.

Tuchukue mfano wa hapa hapa Tanga. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na mingi ilikufa. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Ni asilimia ngapi ilipona? Gawanya iliyopona kwa yote, kisha zidisha kwa 100.

62 ÷ 1,000 × 100 = 6.2

Yaani asilimia 6.2. Katika kila miche 100, ilipona 6 na kidogo. Na kutokana na michache hiyo yakaja mashamba ya mkonge ambayo kila msafiri wa Tanga ameyaona.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa mchango wa kilo 2.

Mashua yenye kilo 96: 2 ÷ 96 × 100 = kama asilimia 2.
Chombo chenye kilo 6: 2 ÷ 6 × 100 = kama asilimia 33.
Mzee mwenye kilo 5: 2 ÷ 5 × 100 = asilimia 40.

Umeona? Mchango ni ule ule, kilo 2, lakini mmoja anatoa tone na mwenzake anatoa karibu nusu ya ndoo. Mzee yule akitoa kilo 2, anabaki na 3. Katika hizo 3 atoe kitoweo, auze anunue unga, anunue na chambo cha kesho. Ndiyo maana alisema.

DAFTARI LA BI MMOJA

Kwenye mkutano ule alikuwapo mama mmoja mchuuzi wa samaki, mwanakisomo wetu. Alisimama na daftari lake la mazoezi. Alisema, "Ndugu Mwenyekiti, kijana wetu hakudanganya. Hii hesabu tumeifundishwa. Amesema namba moja, zimebaki nyingine. Naomba azisome kilo zote, chombo kwa chombo."

Zikasomwa. Kelele zikatulia, kwa kuwa kila mtu aliisikia namba yake mwenyewe. Aliyesema samaki wameliwa akainama.

Yule bi akaendelea, "Badala ya kilo 2 kwa kila chombo, kila mtu atoe kilo 1 katika kila kilo 10." Wakahesabu. Samaki wote ni kilo 153. Sehemu ya kumi ni kilo 15.3. Walihitaji 15. Inatosha! Mzee wa kilo 5 atatoa nusu kilo. Wa kilo 10 atatoa kilo 1. Mashua itatoa kilo 9.6.

Hapo mwenye mashua naye akasimama. Sikiliza hoja yake, maana naye ana haki yake. Alisema, "Mnanitazama kama mimi tajiri. Mtumbwi wa mzee una mtu mmoja. Ndani ya mashua yangu mna watu 12. Na mashine inakunywa mafuta. Mafuta ya siku ile yalikula thamani ya kilo 16."

Watu wakacheka, lakini hesabu ikafanywa. 96 ÷ 12 = 8. Kumbe kila baharia wa mashua, kama wangegawana sawa na kabla ya mafuta, angepata kilo 8 tu. Si mbali sana na mwenzake wa ngalawa!

Hili ni fundisho kubwa. Mtu akikuambia "wastani", muulize: wastani kwa nini? Kwa chombo, au kwa mtu? Kwa shamba, au kwa ekari? Kwa kaya, au kwa kichwa? Samaki ni wale wale, bali ukibadilisha kigawanyo, picha nzima inageuka.

Mwisho walikata shauri hivi. Mafuta yatolewe kwanza, kisha kila chombo kitoe sehemu ya kumi ya kilichobaki. Mashua: 96 − 16 = 80, itatoa kilo 8. Jumla ya wote: 153 − 16 = 137. Sehemu ya kumi ni kilo 13.7. Hazifiki 15. Je, zitachukua Jumamosi ngapi kufika 150? 150 ÷ 13.7 ni karibu 11. Basi, samaki wakiendelea hivyo, ni Jumamosi moja zaidi. Walikubali kungoja Jumamosi moja kuliko kumvunja mzee mgongo na kumpoteza mwenye mashua.

JE, WASTANI NI KITU KIBAYA?

La. Usiondoke hapa ukisema wastani ni uongo. Wastani una kazi yake, na kwa kazi hiyo hauna mpinzani.

Tuseme mnunuzi kutoka mjini anataka kujua alete barafu ya kutosha samaki kiasi gani. Mkimwambia namba ya katikati, kilo 7, atazidisha kwa vyombo 9, apate 63. Ataleta barafu ya kilo 63. Samaki wa kilo 90 wataoza. Lakini mkimwambia wastani, kilo 17, atazidisha kwa 9, apate 153, barabara kabisa.

Kwa hiyo kanuni ya kukumbuka ni hii:

Ukiuliza jumla ya wote, tumia wastani.
Ukiuliza hali ya mtu wa kawaida, tumia namba ya katikati.
Ukiuliza kinachotokea mara nyingi, tumia namba inayorudiarudia.

Kijana wetu alikuwa na jibu la swali la barafu, akalitumia kwenye swali la mchango. Hiyo ndiyo kasoro tuliyokuwa tunaitafuta. Namba ni jibu. Kabla ya kulitumia jibu, liulize: wewe ni jibu la swali gani?

NAMBA ZILIPATIKANA SIKU GANI?

Kuna swali jingine ambalo wavuvi wanalijua kuliko mimi. Kijana alipima Jumamosi moja tu. Je, siku moja inatosha kuujua mwaka?

Bahari haifanani siku zote. Wanaovua dagaa kwa taa hutoka wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wengi hupumzika. Wanaotafuta pweza miambani hungoja bamvua, maji yakipwa sana. Maji yakiwa mafu, miamba haionekani vizuri. Kusi ikivuma kwa nguvu, ngalawa ndogo hazithubutu kwenda mbali. Kaskazi bahari hutulia zaidi.

Basi mtu akija kuhesabu pweza siku za bamvua peke yake, ataandika kuwa kijiji kinaogelea katika neema. Akija maji mafu, ataandika njaa. Wote wawili wamehesabu sawasawa, ila kila mmoja ameona upande mmoja.

Mpishi akitaka kujua chumvi ya mchuzi, hanywi sufuria zima. Huonja kijiko kimoja. Lakini kwanza hukoroga. Asipokoroga, kijiko cha juu kitamdanganya. Katika takwimu, kijiko hicho huitwa sampuli. Kukoroga ni kuchagua siku mbalimbali na watu mbalimbali: bamvua na maji mafu, giza na mbalamwezi, kusi na kaskazi, vyombo vikubwa na vidogo, aliyepata na aliyekosa.

MAKOSA MANNE YA DAFTARINI

Haya ndiyo makosa ninayokutana nayo mara kwa mara ninaposahihisha.

Kosa la kwanza: kuisahau sifuri. Chombo kilikwenda baharini, kikarudi kitupu. Mwanafunzi hakiandiki, anasema "hakina kitu". Kosa! Kilikwenda, kwa hiyo kinahesabiwa. Vyombo 4 vilipata 8, 0, 10 na 6. Jumla ni 24. Ukigawanya kwa 3 utapata 8. Ukigawanya kwa 4 utapata 6. Jibu sahihi ni 6. Ukiwafuta waliokosa, unakipaka kijiji rangi isiyo yake.

Kosa la pili: kuchanganya vipimo. Huyu kaleta kilo 8, yule kaleta ndoo 2. Usijumlishe 8 na 2 ukasema 10. Kumi za nini? Kwanza geuza vyote viwe kilo, au vyote viwe ndoo.

Kosa la tatu: kutafuta namba ya katikati kabla ya kupanga. Katika orodha ya kwanza ya kijana, 6, 9, 7, 6, 8, 5, 6, 10, 96, iliyoko katikati ni 8. Lakini orodha haijapangwa. Jibu sahihi tumeliona, ni 7.

Kosa la nne: kuchukua wastani wa wastani. Kijiji kimoja kina vyombo 3, wastani kilo 20. Cha pili kina vyombo 9, wastani kilo 8. Mwanafunzi hujumlisha 20 na 8, hugawanya kwa 2, huandika 14. Si hivyo. Rudi kwenye samaki wenyewe. 3 × 20 = 60. 9 × 8 = 72. Jumla kilo 132. Vyombo vyote ni 12. 132 ÷ 12 = 11. Wastani ni 11.

ZOEZI LA NYUMBANI

Fanya maswali haya katika daftari. Majibu yako mwisho, lakini yafunike kwa mkono mpaka umalize. Ukiweza, fanya na jirani au na mtoto wako anayesoma.

Swali la 1. Bwana mmoja wa Muheza aliangua nazi katika minazi 7. Alipata: 12, 0, 15, 9, 14, 9, 11. Mnazi wenye sifuri ulishambuliwa na mdudu chonga. Tafuta wastani, namba ya katikati, namba inayorudiarudia na umbali.

Swali la 2. Akina mama 6 wa Mkinga walikausha mwani. Kilo zao ni: 20, 25, 15, 30, 25, 35. Tafuta wastani, namba ya katikati na namba inayorudiarudia. Unaona jambo gani?

Swali la 3. Darasa moja la kisomo lina watu 10, wastani wa umri ni miaka 40. Darasa la pili lina watu 30, wastani ni miaka 32. Wakikaa pamoja, wastani wa umri wao ni ngapi?

Swali la 4. Hili halina jibu langu. Hesabu wewe mwenyewe kitu kimoja cha kijijini kwako kwa siku 7: ndoo za maji nyumbani, mayai ya kuku, au dakika za kungoja kisimani. Andika, panga, tafuta namba tatu. Kisha jiulize: kama kijiji kingetaka kukata shauri juu ya jambo hili, ni namba ipi ya kuwasomea watu?

MAJIBU

1. Jumla ni 70. Wastani: 70 ÷ 7 = 10. Zikipangwa: 0, 9, 9, 11, 12, 14, 15. Namba ya katikati ni 11. Inayorudiarudia ni 9. Umbali ni 15. Kama umepata wastani wa 11 na zaidi, umeusahau mnazi wa sifuri.

2. Jumla ni 150. Wastani: 150 ÷ 6 = 25. Zikipangwa: 15, 20, 25, 25, 30, 35. Za katikati ni 25 na 25, kwa hiyo jibu ni 25. Inayorudiarudia ni 25. Namba zote tatu zimekubaliana! Hapa hakuna aliyejitenga mbali na wenzake upande mmoja, kama ile mashua. Kwa kikundi kama hiki, ukisema wastani ni 25, hutamkosea mtu.

3. 10 × 40 = 400. 30 × 32 = 960. Jumla 1,360. Watu ni 40. 1,360 ÷ 40 = 34. Kama umepata 36, soma tena kosa la nne.

Ndugu msomaji, mabati ya lile banda yameshaezekwa. Nilipopita tena, nilimkuta yule mtunza hazina pwani na mizani yake, anapima na kuandika kama kawaida. Lakini sasa karatasi yake ameibandika ukutani, na kila chombo kina mstari wake. Mzee wa mshipi alikuwa amesimama mbele yake, kidole chake kikifuata mstari mmoja baada ya mwingine, anatafuta palipoandikwa namba yake.